Ngojeni Mwakani: Je, Tumaini la Shabiki ni Fadhila au ni Upuuzi?



Kila msimu wa Ligi Kuu unapofungwa, neno moja husikika mahali pote wanapokusanyika watu: kwenye vijiwe vya bodaboda, mashineni tunakosaga unga, kisimani, na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Neno hilo ni "mwakani." Anayelisema ni yule ambaye timu yake imeshindwa. "Mwakani mtatutambua." "Mwakani kombe linarudi nyumbani." Wenzake humcheka, naye hucheka nao kidogo, lakini moyoni mwake analisema kwa dhati.

Yafaa tulitazame neno hili kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna swali kubwa kuliko mpira. Swali lenyewe ni hili: mtu anayeendelea kuitumainia timu iliyomwangusha mara nyingi, je, anafanya jambo jema au jambo la kipuuzi? Na kama ni jema, wema wake uko wapi?

Huenda wako watakaosema kwamba habari za Simba na Yanga hazina nafasi katika jarida la kanisa. Nawaomba wanivumilie. Tumaini ni mojawapo ya mambo matatu ambayo Mtume Paulo aliyataja kuwa yanadumu, pamoja na imani na upendo. Imani tunaihubiri sana, na upendo tunauhubiri sana. Tumaini tunaliacha lijifundishe lenyewe, na vijana wengi wanajifunza tumaini mpirani kabla hawajajifunza mahali pengine popote. Basi ni vema tujue wanajifunza nini.

Hebu kwanza tuandike mambo ubaoni kama yalivyo, ndipo tuyajadili.

Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Simba iliitwa Sunderland hadi ilipobadili jina mwaka 1971. Tangu wakati huo nchi yetu imegawanyika nusu kwa nusu, na hata hapa Mlali, mbali na mtaa wa Msimbazi na mbali na Jangwani, nyumba moja yaweza kuwa na baba wa upande huu na mama wa upande ule. Simba ilitwaa ubingwa msimu wa 2011/12, kisha njaa ikaingia. Misimu mitano ikapita: Yanga, Azam, Yanga, Yanga, Yanga. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2013 alikuwa darasa la sita Simba ilipotwaa tena ubingwa mwaka 2018. Miaka yote hiyo Wanamsimbazi walisema "mwakani," nao walichekwa.

Kisha gurudumu likageuka. Simba ikatwaa ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21. Sasa ikawa zamu ya Wanajangwani. Mwenyekiti wao, Yusuf Manji, aliyekuwa akibeba sehemu kubwa ya gharama, alijiuzulu Mei 2017, na klabu ikaingia katika dhiki ya fedha. Ikafika mahali timu ikawaomba wapenzi wake wachange. Watani wao wakasema Yanga wanatembeza bakuli. Neno "bakuli" likawa wimbo wa mjini na wa vijijini.

Gurudumu likageuka tena. Yanga ikatwaa ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2021/22 hadi 2024/25, na mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Simba ikaanza kunywa kikombe kile kile. Tarehe 5 Novemba 2023 ilifungwa na Yanga mabao 5–1, na msimu huo ikamaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Azam. Kwa sababu ya nafasi hiyo ya tatu ikaenda kucheza Kombe la Shirikisho, na humo ikafika fainali Mei 2025, ikafungwa na RS Berkane ya Morocco kwa jumla ya mabao 3–1. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Juni 2025, ikafungwa na Yanga 2–0 katika mchezo ulioamua ubingwa. Mashabiki wake wakasema tena: mwakani.

Hayo ndiyo mambo yalivyo. Jambo moja laonekana mara moja: hakuna upande ambao haukulia. Anayecheka mwaka huu anajiwekea akiba ya kuchekwa. Lakini hilo halijajibu swali letu, maana kupokezana zamu si tumaini. Jua na mvua vinapokezana pia, wala hatusemi kwamba jua linatumaini.

Sasa tuwasikilize wanaosema kwamba tumaini la shabiki ni upuuzi, na tuwasikilize kwa haki, kwa kuwa hoja zao si nyepesi. Kwanza, wanasema, shabiki hapigi mpira. Aketi, asimame, apige kelele redioni au anyamaze, goli halisogei hata inchi moja. Pili, wachezaji anaowapenda huja na kuondoka kwa kufuata mshahara, na yule aliyemshangilia mwaka huu atamwona mwakani amevaa jezi ya watani. Tatu, shabiki hatumii kipimo anachokitumia mahali pengine. Fundi akimharibia mlango mara tatu, harudi kwake. Lakini timu ikimharibia misimu mitano, bado yumo.

Kwa hoja hizi wanasema tumaini la namna hii ni kukataa kuona. Na ni kweli kwamba liko tumaini la namna hiyo. Sisi wa wilaya ya Kongwa hatuna haja ya kwenda mbali kulitafuta, kwa kuwa limeacha alama katika ardhi yetu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu ulizunguka Afrika ya Mashariki kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukasema karanga zingestawi kwa wingi mno. Mwaka 1947 kazi ikaanza hapa Kongwa. Yakaja matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu na vichaka vikang'olewa. Lakini udongo wetu una mfinyanzi ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama tofali, na mvua zetu, kama kila mkulima hapa angeweza kuwaambia, haziahidi kitu. Mwaka wa kwanza haukufaulu. Wakasema mwaka ujao. Mwaka uliofuata nao haukufaulu. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na hasara ikahesabiwa kuwa pauni zipatazo milioni 36.

Watu wale nao walisema "mwakani." Hawakukosa moyo, hawakukosa fedha, wala hawakukosa mashine. Walichokosa ni unyenyekevu wa kuuliza udongo na kuwauliza wenye udongo. Basi tusiseme haraka kwamba kila tumaini ni jema. Tumaini lisilokubali kukagua shamba laweza kula mali ya watu na kuacha jangwa.

Namna ya pili ya tumaini bovu iko mikononi mwa vijana wetu leo. Naizungumzia ile michezo ya kubashiri matokeo, ambayo wao huiita mkeka. Kijana anauza debe la alizeti, anachukua simu, anachagua timu kumi, na anasubiri usiku kucha. Akikosa, anasema kilichomwangusha ni mechi moja tu, kesho atapata. Kwa nje anafanana kabisa na shabiki anayesema "mwakani." Lakini tazameni tofauti. Shabiki anaitaka timu. Mwenye mkeka anataka fedha, na timu kwake ni punda wa kubebea. Leo anaiombea Yanga, kesho anaiombea klabu ya Ulaya ambayo hata jina lake hawezi kulitamka. Hamtumaini mtu yeyote, anabahatisha tu. Na kubahatisha kuna ubaya huu: kunamfundisha mtu kwamba kesho haina uhusiano wowote na kazi ya leo. Mkulima akifundishwa hivyo, jembe limekwisha. Mwanafunzi akifundishwa hivyo, daftari limekwisha.

Basi tumaini jema tutalitambuaje? Nadhani lina alama tatu, nazo mpira waweza kutuonyesha zote tatu.

Alama ya kwanza ni kwamba tumaini jema husema kweli juu ya kushindwa. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Sisi tuliokuwa vijana mwaka 1979 tunakumbuka jinsi Simba ilivyofungwa mabao 4–0 na Mufulira Wanderers ya Zambia, tena hapa nyumbani Dar es Salaam, katika Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Ulikuwa msiba. Mchezo wa marudiano ulikuwa Lusaka, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewapa nafasi. Simba ikashinda 5–0 ikasonga mbele. Hawakulitwaa kombe lile mwaka ule, lakini habari ile bado inasimuliwa. Sasa fikirini: timu ile isingeweza kwenda Lusaka ikijidanganya kwamba haikufungwa, au kwamba mwamuzi ndiye aliyefunga mabao manne. Ilibidi wahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndipo wajue kwamba wanahitaji matano. Asiyehesabu alichopoteza hawezi kujua anachotakiwa kutafuta.

Kwa hiyo shabiki anayesema kila mara kwamba timu yake imerogwa, au imehujumiwa, au refa amehongwa, huyo bado hajaanza kutumaini. Amejificha tu. Katika miaka yangu ya kufundisha, ripoti ya mwisho wa mwaka ilikuwa na nafasi ndogo ya maoni ya mwalimu wa darasa, nasi tuliandika: "Hafifu. Aongeze juhudi." Wazazi wengi walidhani tunarudia maneno ya siku zote. Lakini tumaini kamili lilikuwa mle. Neno la kwanza ni kweli, maneno mawili yanayofuata ni imani kwamba mtoto anaweza. Ukiandika la kwanza peke yake, umemvunja mtoto. Ukiandika ya pili peke yake, umemdanganya.

Alama ya pili ni kwamba tumaini jema hufanya sehemu yake ya kazi. Hapa tunarudi kwa hoja ya wale wanaosema kuwa shabiki hapigi mpira. Ni kweli hapigi. Lakini walipochekwa kwa ajili ya bakuli, wapenzi wengi wa Yanga walitia kitu ndani ya bakuli. Mtu mwenye shilingi mbili alitoa moja. Ubingwa haukuja mwaka ule wala mwaka uliofuata, na waliochanga hawakuandikwa majina yao popote. Lakini klabu ilibaki hai hadi siku nzuri zikaja. Kutembeza bakuli hakukuwa aibu. Aibu ingekuwa kulipitisha kati ya wapenzi likarudi tupu. Sisi tunaopitisha sahani ya sadaka kila Jumapili tunalielewa jambo hili, au yatupasa tulielewe.

Na mtazameni Mtibwa Sugar, majirani zetu wa Morogoro. Timu hii ya kiwanda cha sukari cha Turiani ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1999 na tena mwaka 2000, ikazidi akina Simba na Yanga. Kisha ikazeeka polepole, na mwisho wa msimu wa 2023/24 ikashuka daraja baada ya kukaa Ligi Kuu zaidi ya miaka 20. Kushuka daraja ni jambo chungu. Hakuna tena kuja kwa vigogo, hakuna kelele za redio. Mtibwa ikaenda kucheza huko chini, na baada ya msimu mmoja, mwaka 2025, ikapanda tena. Ilipanda kwa kucheza michezo ya kawaida wiki baada ya wiki, mbele ya watu wachache. Mara nyingi tumaini hufanya kazi hivyo, mahali pasipo na watazamaji.

Kongwa yetu nayo imeona tumaini la namna hii, jirani kabisa na mashamba yale ya karanga. Kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipewa kambi hapa: watu wa Msumbiji, Angola, Namibia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Nao kila mwaka walisema "mwakani tutarudi kwetu." Wa Msumbiji na Angola walingoja hadi mwaka 1975, wa Zimbabwe hadi 1980, wa Namibia hadi 1990, na wa Afrika Kusini hadi 1994. Wengine walifariki kabla ya kuiona siku hiyo. Lakini hawakukaa wakisubiri bahati. Walijifunza, walilima, walifanya mazoezi. Ardhi ni ile ile, na neno ni lile lile "mwakani." Tofauti ni kwamba wale wa karanga hawakutaka kuijua nchi waliyoijia, na hawa waliijua safari yao kuwa ndefu, wakajiandaa kwa urefu wake.

Wala sisi wakulima hatuhitaji kufundishwa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Ikikataa, hakuna ya pili. Wazee wetu waliipita Mtunya, ile njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyowamaliza wengi katika Ugogo. Waliosalia walipanda tena. Mkulima anayesema "mwakani" huku anachagua mbegu ya uwele ya muda mfupi, anatengeneza matuta ya kushika maji, na kuficha debe moja ghalani watoto wasilione, huyo anatumaini. Anayesema "mwakani" na kuuza mbegu yake, huyo anapiga domo.

Alama ya tatu ni ngumu kuliko zote: tumaini jema halifanyi ushindi kuwa bei ya upendo. Huko Marekani wana mchezo wao wa besiboli, unaochezwa kwa gongo na mpira mdogo. Timu ya Chicago Cubs ilitwaa ubingwa mwaka 1908, kisha haikuutwaa tena hadi mwaka 2016. Ni miaka 108. Watu walizaliwa, wakaipenda timu, wakazeeka, wakazikwa, bila kuona kombe hata mara moja. Je, upendo wao ulipotea bure? Na huko Brooklyn, katika jiji la New York, timu ya Dodgers ilifungwa katika fainali mara tano kati ya mwaka 1941 na 1953, kila mara na wapinzani wao Yankees wa jiji hilo hilo. Watu wa Brooklyn walikuwa na usemi kama huu wetu: ngojeni mwakani. Mwaka 1955 mwakani wao ukafika, wakawashinda Yankees. Halafu, baada ya msimu wa 1957, wenye timu wakaihamishia Los Angeles, mwisho mwingine wa nchi. Ushindi haukuizuia timu kuondoka. Basi kama watu wale walikuwa wameishi kwa ajili ya kombe tu, walibaki na nini? Walibakiwa na kile walichokuwa nacho miaka yote ya kushindwa: kukaa pamoja, baba na mwana, jirani na jirani, wakishiriki huzuni moja.

Sisi nasi tunajua kungoja. Taifa Stars ilikwenda fainali za Mataifa ya Afrika huko Nigeria mwaka 1980, baada ya lile bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979. Haikurudi tena hadi mwaka 2019. Miaka 39! Tarehe 24 Machi 2019 ilipoifunga Uganda 3–0 jijini Dar es Salaam, walilia watu wazima waliokuwa hawajazaliwa timu ilipokwenda Nigeria. Kule Misri timu ikafungwa michezo yote mitatu. Januari 2024 kule Ivory Coast ikapata sare mbili. Katika fainali za Morocco zilizoanza Desemba 2025 ikavuka makundi kwa mara ya kwanza, tena kwa pointi mbili za sare mbili, ndipo ikatolewa na wenyeji kwa bao 1–0. Mtu wa makombe atasema hakuna kilichopatikana. Mtu wa tumaini anaona ngazi: sifuri, sare, kuvuka. Kuteleza si kuanguka, na kupanda kidato kimoja si kusimama.

Ndugu wasomaji, nimekaa sana mpirani kwa makusudi. Sasa niseme lile lililonifanya niandike.

Sisi watu wa Mlali tunaipa timu msimu mwingine kila mwaka. Timu ikifungwa mabao matano, tunaumia wiki moja, kisha tunaanza kuuliza imesajili nani. Hatusemi, "Hii timu imekwisha, tusiitaje tena." Lakini mtoto wetu akifeli darasa la saba au kidato cha nne, tunasema, "Huyu amekwisha." Mara moja tu! Hakufungwa misimu mitano. Amefungwa mchezo mmoja, naye ana miaka kumi na minne au kumi na minane. Tunamwondolea neno "mwakani." Tunamtaja mbele ya wageni kama mfano wa kushindwa. Msichana akipata mimba akiwa shuleni, ndiyo kabisa. Tunamfuta kwenye ligi. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito waweza kurudi katika shule za mfumo rasmi baada ya kujifungua. Mlango uko wazi. Lakini mlango wa shule ukiwa wazi na mlango wa moyo wa baba ukiwa umefungwa, binti atapita wapi? Nani atamshikia mtoto akiwa darasani? Nani atatia kitu kwenye bakuli lake?

Vivyo hivyo kwa jirani aliyekuwa mlevi akaacha, akarudia, akaacha tena. Vivyo hivyo kwa ndugu aliyekula mtaji wa kikundi na sasa anaona haya kuja ibadani. Alama zile tatu zinafaa hapa pia. Tumwambie kweli: umeshindwa, na hiki ndicho ulichoharibu. Tufanye sehemu yetu ya kazi, si kumwombea kwa mbali tu. Na tusiufanye ushindi wake kuwa kiingilio cha kupendwa nasi.

Hata hivyo lazima niweke mpaka hapa, maana fundisho lisilo na mpaka laweza kumuumiza mtu. Shabiki timu ikifungwa, huumia moyo tu. Mke anayepigwa huumia mwili, na watoto wake huona. Mama huyo asiambiwe na wazee wa kanisa, wala na shangazi, "Vumilia, mwakani atabadilika." Hilo ni tumaini la karanga: linakataa kuukagua udongo, na gharama inalipwa na mtu mwingine. Kumtumainia mume kubadilika ni jambo moja. Kumlazimisha mke abaki chini ya fimbo mpaka abadilike ni jambo jingine. Aondolewe kwanza kwenye hatari. Mume naye atumainiwe akiwa amezuiwa mkono wake na kuonywa, hata kwa sheria. Mchezaji aliyepewa kadi nyekundu hutoka uwanjani, wala hakuna anayesema kwamba amenyimwa tumaini. Anajua adhabu yake ikiisha atarudi, akirekebisha mwenendo.

Basi jibu la swali letu ni lipi? Tumaini la shabiki si upuuzi kwa kuwa tu timu yake imeshindwa, wala si fadhila kwa kuwa tu hachoki. Ni fadhila likisema kweli, likifanya kazi, na likipenda pasipo kudai kombe kwanza. Likikosa hayo, ni kelele, au ni kamari, au ni matrekta yanayolima mawe.

Mtume Paulo alipowaandikia Warumi aliliweka tumaini juu ya ngazi ambayo kidato chake cha kwanza ni dhiki, na katikati yake kuna saburi. Mimi naliona hilo kuwa jambo la kutia moyo sana. Maana yake ni kwamba waliofungwa wako karibu zaidi na tumaini kuliko walioshinda, kwa sababu tayari wamesimama kwenye kidato cha kwanza.

Kwa hiyo vijana wa timu zote mbili, taniana kwa adabu. Msitukanane mbele ya wazazi, wala msiuze mbegu kwa ajili ya mkeka. Na sisi wazee, matokeo ya mitihani yatakapotoka, kabla hatujafungua kinywa tukumbuke ni misimu mingapi tumezisamehe Simba na Yanga, ambazo hazijui hata kama tunaishi. Mtoto wa nyumbani anajua jina lako. Mpe mwakani wake.